IST inagonga mbele na usukani unatangatanga: nianze kukagua wapi kabla ya kununua spea?

MkaziWaGoba

Wakuu, habari za leo. Gari ni Toyota IST, injini ya 1300. Kila siku ni Goba hadi Posta hapa Dar na kurudi, kwa hiyo inapita barabara ya vumbi yenye mawe, matuta, halafu lami. Dalili zake ni hizi:

Inagonga "kok kok kok" mbele kushoto nikipita kwenye mawe madogo au lami iliyochimbika, mwendo wa 20 hivi. Cha ajabu, kwenye tuta kubwa haigongi.

Nikifika 80 kwenye lami usukani unataka kurekebishwa muda wote, na gari inavuta kushoto kidogo.

Tairi ya mbele kushoto imelika upande wa ndani. Ukipitisha kiganja juu yake unahisi meno kama ya msumeno. Tairi hazijamaliza miezi minane.

Nikirudi nyuma kisha nikashika breki, nasikia "tok" moja nzito. Nikienda mbele na kushika breki inakuja tena, mara moja tu.

Fundi amenipa orodha: bolijointi 2 (jointi za duara chini ya mguu wa tairi), tairodi 2 (ncha za nje za fimbo za usukani), reki endi 2 (jointi za ndani za fimbo hizo, zinapoingia kwenye reki, kile kifaa kinachogeuza tairi), linki 2 (fimbo fupi za stabilaiza), shokapu 2, wishboni 2 (mikono ya chini inayoshika tairi). "Miguu yote imekwisha." Sikatai kutengeneza, lakini hakunyanyua gari wala hakushika tairi hata moja. Naomba utaratibu wa kukagua kifaa kimoja kimoja. Nina jeki ya gari, spana za kawaida, mtarimbo na kijana wa kunisaidia. Na alaimenti (kunyoosha tairi kwa mashine) nifanye mwanzo au mwisho?

Kijana_wa_Sinza

Mkuu, tairi kulika ndani ni alaimenti hiyo. Kafanye alaimenti na balansi uone kama haijanyooka. Usikimbilie kumwaga hela kwenye miguu.

FundiMiguu_Ilala

Hapana ndugu yangu, hapo tutampoteza mwenzetu. Alaimenti inapima tairi gari ikiwa imesimama. Reki endi ikiwa imelegea, tairi itatulia vizuri mbele ya mashine, namba zitatoka safi, halafu ukiingia barabarani tairi inajichagulia njia yake. Baada ya wiki chache meno yamerudi. Mpimaji makini hushika tairi kwanza na kuzitikisa kabla hajafunga vifaa vyake, na akikuta kitu kinacheza anakurudisha kwa fundi. Alaimenti ni ya mwisho, siku zote.

MkaziWaGoba, dalili zako haziwezi kuwa za kitu kimoja, ndiyo maana ni rahisi mtu kuandika "miguu yote". Tuzitenganishe.

Hiyo ya kugonga kwenye mawe na kunyamaza kwenye tuta ni habari nzuri. Kwenye tuta tairi mbili za mbele zinapanda pamoja, stabilaiza, ile fimbo inayounganisha mguu wa kushoto na wa kulia, inazunguka tu ndani ya bushi zake (mipira yake) na linki hazibebi mzigo wowote. Kwenye mawe tairi moja inapanda, nyingine imebaki chini, stabilaiza inajipinda, na linki inavutwa na kusukumwa mara kadhaa kwa sekunde. Mshukiwa wa kwanza basi ni stabilaiza linki. Wa pili ni bushi za stabilaiza, wa tatu mauntingi ya shokapu ile ya juu, inapofungwa kwenye bodi. Bolijointi kwa dalili hii iko mbali kidogo, lakini lazima ikaguliwe hata gari isipogonga kabisa, kwa sababu ikichomoka tairi inalala chini ya bodi na gari haina tena usukani.

Linki zina jaribio la bure. Fungua zote mbili, kushoto na kulia, zifunge kwa waya mbali na tairi na shafti inayozungusha tairi, kisha zungusha gari mtaani mwendo wa 20, usizidi 30, maana gari itainama zaidi kwenye kona. Pita kwenye mawe yaleyale. Kelele ikiisha, umempata. Isipoisha, umejua bila kununua. Wakati wa kufungua, nati ya linki hupenda kuzunguka pamoja na msumari wake. Kwenye ncha ya msumari kuna tundu la ufunguo wa pembe sita, shika hapo, nati uizungushe kwa spana bapa. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi, hasa gari zinazolala Kigamboni, Kunduchi au popote karibu na bahari. Tundu hilo likishaharibika, linki inakatwa kwa grainda.

Ukitaka kuikagua linki kwa mkono, fanya hivyo tairi zote mbili zikiwa ardhini. Ukinyanyua upande mmoja tu, stabilaiza inajipinda, inaibana linki, na mchezo wote unajificha. Hapo ndipo wengi wanaidanganya nafsi kwamba linki ni nzima.

Sasa usukani. Gari iko chini, injini inawaka (IST ina usukani wa mota ya umeme, bila umeme utakuwa unapigana na uzito tu), gia kwenye P, breki ya mkono juu, mawe mbele na nyuma ya tairi za nyuma. Nyoosha tairi. Bandika kipande cha selotepu juu ya usukani, shika rula. Sogeza usukani polepole kwa kidole mpaka tairi ianze kusogea, kisha rudisha upande wa pili. Kiwango cha juu kwenye vitabu vya Toyota za aina hii ni milimita 30 kwenye ukingo wa usukani. Ukizidi hapo kuna kitu kimelika. Ukiwa chini ya hapo bado usishangilie, mchezo mdogo wa reki endi moja unaweza usionekane kabisa kule juu.

Kijana wako akae ndani autikise usukani kushoto na kulia, upana wa kiganja, haraka na bila kuacha. Wewe lala pembeni ya tairi, mkono uingie kwa nyuma. Weka kidole gumba kwenye kichwa cha tairodi na kidole cha shahada kwenye nako, kile chuma kinachobeba habu (kitovu cha tairi), viguse vyote viwili kwa pamoja pale vinapokutana. Hapo jicho linadanganya, kidole hakidanganyi. Tairodi nzima inakwenda na nako kama chuma kimoja. Iliyolika, utahisi kidole kimoja kinatangulia halafu cha pili kinafuata, katikati kuna "tik" ndogo unayoisikia ndani ya ngozi kabla hujaisikia kwa sikio. Angalia na mpira wake wa grisi. Ukikuta umepasuka, grisi imechanganyika na mchanga mpaka imekuwa kama ugali wa ulezi, hiyo tairodi ina siku chache hata kama leo haijaanza kucheza.

Kisha ingia ndani kidogo kwenye reki endi. Imefichwa ndani ya ule mpira uliokunjwakunjwa mwishoni mwa reki. Ubane mpira kwa kiganja mpaka uhisi kile kichwa cha duara ndani yake, kijana aendelee kutikisa. Jointi nzima ni ngumu, inasukuma moja kwa moja. Iliyokufa inapigapiga ndani ya kiganja kama punje iliyofungiwa kwenye mfuko. Reki endi ndiyo inayosahaulika kuliko zote kwa sababu haionekani, na kwa dalili zako za meno ya msumeno na usukani kutangatanga, mimi ningeikagua kwa makini kuliko kitu kingine chochote.

Ukiwa hapohapo tazama reki yenyewe. Ikihama kwenda kushoto na kulia pale ilipofungwa, bushi zake zimekwisha au bolti zimelegea. Mwisho ingia ndani ya gari, shika ile fimbo ya usukani miguuni pa dereva, penye jointi ya msalaba. Jointi hiyo ikiwa imelika, "tok" inakujia mkononi gari ikiwa imesimama kabisa, na mtu ananunua tairodi mbili bure.

Ndipo unyanyue gari. Legeza nati za tairi kabla, nyanyua, weka stendi. Uwanja wa mchanga weka ubao mnene chini ya jeki. Jeki ile ya skrubu peke yake haitoshi kwa mtu kuingiza kichwa au mkono. Kama huna stendi, azima kwanza; tairi ya akiba iliyolazwa chini ya bodi ni kinga ya ziada tu. Tikisa tairi kwa kushika kushoto na kulia: ikicheza ni tairodi, reki endi au beringi. Shika juu na chini: ikicheza ni beringi au bolijointi.

DadaSpana_Tegeta

Niongezee hapo kwa FundiMiguu, maana beringi na bolijointi zikichanganywa mtu anabadilisha kifaa kizima.

Tairi ikicheza juu na chini, mwambie kijana akanyage breki kwa nguvu, tikisa tena. Breki ikikanyagwa, pedi zinaibana diski na kuiunganisha habu na nako, kwa hiyo mchezo wa beringi unapotea. Ukipotea, ni beringi. Ukibaki vilevile, ni bolijointi, bushi za wishboni au shokapu yenyewe imelegea kwenye nako. Beringi pia ina sauti yake, mngurumo unaopanda na mwendo, hausikii gia wala mafuta. Ukikata kona pana kwenda kulia uzito unahamia kushoto. Mngurumo ukizidi hapo, beringi mbovu ni ya kushoto.

Bolijointi ya IST usiridhike kuitikisa kwa mkono. Miguu ya mbele ya gari hizi uzito unapita kwenye shokapu, siyo kwenye bolijointi, kwa hiyo nyanyua gari kwa bodi, tairi ining'inie. Chomeka mtarimbo chini ya tairi, nyanyua na kuachia taratibu, mwenzako aangalie pengo kati ya nako na wishboni. Ikiruka hata kidogo kiasi cha kuonekana, itoke. Usichomeke mtarimbo kwenye mpira wa bolijointi, utaupasua na kuiua ile nzima.

Ile "tok" moja ya breki, mbele na nyuma, mimi naiweka kwenye bushi ya nyuma ya wishboni, ile kubwa. Ukishika breki tairi inavutwa nyuma, wishboni inasogea mpaka chuma kigonge chuma. Ukirudi nyuma inasogea upande wa pili. Ndiyo maana inagonga mara moja kila unapobadilisha mwelekeo halafu inakaa kimya. Chomeka mtarimbo kati ya wishboni na subfremu (fremu ndogo inapofungwa wishboni), sukuma mbele na nyuma. Bushi kusogea kidogo kwa kunyumbuka ni kawaida, ni mpira. Nyufa nyembamba juu juu nazo si kesi. Kesi ni mpira ulioachana na chuma, au mpasuko unaofunguka ukisukuma kiasi cha kuona mwanga upande wa pili. Angalia pia unga mweusi wa mpira uliochanganyika na kutu kuzunguka bolti, hiyo ni alama kwamba vimekuwa vikisagana muda mrefu.

Kabla hujailaumu bushi, itoe breki kwenye kesi. Pedi zilizolegea kwenye kalipa (kile kifaa kinachozibana kwenye diski) nazo zinagonga hivyohivyo, na hata kwenye mawe zinapiga kelele. Pita kwenye mawe huku umegusa breki kidogo sana. Kelele ikikatika papo hapo ni kalipa au pini zake, wala siyo miguu.

Kuvuta kushoto: sisi tunaendesha kushoto na barabara imeinamishwa kushoto ili maji yatoke, kwa hiyo gari kuteleza kidogo upande huo ukiachia usukani ni kawaida. Tafuta sehemu ya lami tambarare ujaribu. Pima upepo tairi zikiwa baridi, fuata kibandiko cha mlango wa dereva, siyo jicho la kijana wa puncha. Kisha badilishana tairi za mbele, ya kushoto iende kulia. Kama mvuto umehama nao, tatizo ni tairi. Na baada ya kuendesha kilomita chache bila kushika breki sana, sogeza kiganja karibu na rimu zote mbili bila kugusa diski. Ya kushoto ikiwa ya moto kuliko ya kulia, kalipa inang'ang'ania.

MzeeWaKimara

Nashukuru kwa darasa, wanangu. Mimi nina Prado ya springi mbele. Kunyanyua ni hivyohivyo kwenye bodi?

DadaSpana_Tegeta

Shikamoo mzee. Hapana, kwako ni tofauti na ni muhimu. Prado ina wishboni mbili, ya juu na ya chini, na springi imekaa juu ya wishboni ya chini. Ukinyanyua kwa bodi, springi inaisukuma wishboni chini na kuibana bolijointi. Hata ikiwa imekwisha utaikuta imetulia. Weka jeki chini ya wishboni ya chini, karibu na tairi kadiri inavyokaa vizuri bila kuteleza, nyanyua mpaka tairi iache ardhi kidogo, ndipo uingize mtarimbo. Hapo bolijointi ya chini haina mzigo na itasema ukweli. Ya juu itazame wakati mwenzako anatikisa tairi juu na chini.

MzeeWaKimara

Marahaba mwanangu. Nimeelewa.

Spea_Gerezani

Upande wa kununua, niweke machache, maana watu wanakuja kwenye maduka yetu ya spea mtaa wa Gerezani na jina la gari tu halafu wanarudi mara tatu.

Njoo na namba ya chesisi, au picha ya kile kibati kwenye bodi. IST zipo za magurudumu mawili na manne kuvuta, injini tofauti, na vifaa vya miguu vinaweza kutofautiana. Bora zaidi njoo na kifaa cha zamani mkononi. Linki ilinganishe urefu na unene wa msumari. Tairodi ilinganishe meno, na kulia na kushoto zisichanganywe.

Kabla ya kuulizia bolijointi, chungulia kwanza gari yako: bolijointi imefungwa kwenye wishboni kwa bolti na nati, au imeshindiliwa ndani yake? Za bolti unanunua peke yake. Zilizoshindiliwa, wengi wananunua wishboni kamili, na kama bushi nazo zimechoka inakuwa nafuu zaidi kwa sababu hulipii preshi, ile mashine ya kushindilia.

Tairodi au bolijointi mpya ukiishika, uzungushe msumari wake kwa vidole. Inatakiwa iwe nzito na laini, isogee kwa kulazimishwa. Ikianguka yenyewe upande mmoja kama kichwa cha kuku aliyechinjwa, irudishe kaunta hapohapo, hata kama boksi lina jina kubwa. Mpira wake usiwe na nyufa za kukaa stoo.

Vya mtumba kutoka Japani, kwangu mimi wishboni ya mtumba yenye bushi nzima na reki nzima vinastahili kununuliwa. Tairodi, reki endi, bolijointi na linki za mtumba sikushauri hata kwa bei ya soda. Ni vitu vinavyolika, na unanunua kilicholika nusu.

Kijana_wa_Sinza

Nimekubali wakuu, alaimenti mwisho. Ila shokapu mbona hakuna aliyezigusa? Fundi wake kaziandika.

FundiMiguu_Ilala

Swali zuri. Shokapu kwanza itazame: mafuta yaliyotiririka kwenye mwili wake na kushika vumbi mpaka yamekuwa tope ni shokapu iliyokufa. Ukungu mwembamba wa mafuta juu karibu na sili peke yake si hukumu. Kubonyeza bodi na kuachia ni kipimo dhaifu, kinanasa zile zilizokufa kabisa tu. Tairi inasema zaidi: shokapu ikichoka tairi inarukaruka na kulika kwa mabonde mabonde kuzunguka duara, tofauti na meno ya msumeno ya MkaziWaGoba. Mabonde hayo pia yanaletwa na balansi mbovu, kwa hiyo usihukumu kwa tairi peke yake.

Mauntingi ya juu ina kipimo chake. Weka kiganja kwenye springi, mwenzako akate usukani polepole gari ikiwa chini. Springi ikizunguka laini, sawa. Ikikwama halafu ikaruka kwa "toing", beringi ya mauntingi imekwisha. Toa kiganja mapema, usibanwe.

MkaziWaGoba

Wakuu nimekagua asubuhi yote, natoa majibu:

Usukani kwa rula umetoka milimita 22.
Linki zilipofunguliwa, "kok kok" ilipotea kabisa kwenye mawe yaleyale. Ya kushoto ukiishika mkononi inayumba.
Tairodi zote mbili ziko ngumu, mipira mizima.
Reki endi ya kushoto inapiga kwenye kiganja kama mlivyosema. Ya kulia iko kimya. Mpira wa reki wa kushoto una mpasuko, ndani kuna udongo.
Tairi juu na chini hazichezi. Bolijointi kwa mtarimbo hazikusogea.
Bushi ya nyuma ya wishboni ya kushoto imeachana na chuma, mwanga unaonekana. Ya kulia ina nyufa za juu tu.
"Tok" ya breki iko palepale hata nikishika breki kidogo.
Shokapu kavu, springi inazunguka laini.

Kwa hiyo ninunue nini, na wakati wa kufunga nisimamie kitu gani?

FundiMiguu_Ilala

Umeona? Orodha ya vifaa 12 imebaki hivi: linki 2, reki endi 1 ya kushoto na mpira wake mpya pamoja na klipu, bushi za nyuma za wishboni 2. Linki na bushi nabadilisha jozi kwa sababu zimetembea pamoja na ya kulia iko njiani. Reki endi ya kulia kama iko ngumu iache.

Reki endi. Kabla ya kulegeza nati ya kufungia ya tairodi, pima kwa rula urefu kutoka katikati ya kichwa cha tairodi hadi mahali pa kudumu kwenye fimbo, na hesabu mizunguko wakati wa kuitoa tairodi. Ukirudisha kwa hesabu ileile, gari itaweza kwenda kwenye alaimenti bila kula tairi njiani. Tairodi kwenye nako itolewe kwa kitoleo chake. Kama fundi hana, agonge ubavu wa jicho la nako kwa nyundo, nati ikiwa imebaki nyuzi chache, na asigonge ncha ya msumari hata mara moja. Akiigonga ncha, tairodi uliyosema ni nzima haitafunga tena. Reki endi inapofunguliwa, reki yenyewe ishikwe kwa spana ya pili isizunguke, vinginevyo nguvu yote inakwenda kwenye meno ya ndani. Kama ina waya wa bati wa kufungia, uwekwe mpya na ukunjwe. Udongo ufutwe wote kwenye fimbo ya reki, grisi mpya, ndipo mpira urudi, na usifungwe ukiwa umejisokota. Mpira ukifungwa vibaya, masika ya kwanza maji yanaingia na reki inaanza kutu ndani.

Bushi zitoke na kuingia kwa preshi, siyo kwa nyundo na bomba. Kabla ya kutoa ya zamani weka alama ya rangi kwenye wishboni kuonyesha mwelekeo wake. Bushi nyingi za nyuma zina matundu ya hewa upande fulani, zikikaa pembe nyingine zinapasuka mapema.

Na hili lisimamie wewe mwenyewe, kwa sababu ndilo linaloharibu bushi mpya kuliko barabara ya Goba. Bolti za wishboni zisikazwe gari ikiwa imening'inia. Zishikwe tu kwa mkono, gari ishuke, isimame kwa tairi zake au wishboni isukumwe kwa jeki mpaka urefu wa kawaida, bodi ibonyezwe mara chache itulie, ndipo zikazwe kwa nguvu yake. Mpira wa bushi umeshikana na chuma ndani na nje. Ukiukaza gari ikiwa juu, siku zote utakuwa umesokotwa, na kila tuta linamalizia kuusokota. Fundi akikwambia "haina shida", mwambie kwa heshima kwamba utasubiri.

Nati ya taji (yenye meno juu) ya tairodi irudishiwe splitipini mpya, ile pini ya kukunja. Tundu lisipolingana, kaza mbele kidogo mpaka lilingane, usilegeze nyuma. Nati za tairi za IST zikazwe Nm 103 kwa toki renchi (spana inayopima nguvu), kwa mpangilio wa nyota.

DadaSpana_Tegeta

Na ukifika kwenye alaimenti, usukani ufungwe ukiwa umenyooka kabla hawajagusa fimbo, na warekebishe tairodi zote mbili. Wakirekebisha upande mmoja tu, tairi zitakuwa sawa ila usukani utakaa pembeni. Waombe karatasi ya namba za kabla na baada. Toe ya mbele (tairi kuelekea ndani au nje) ikae ndani ya kiwango cha gari na pande mbili zilingane. Kambari (mlalo wa tairi ukiitazama kwa mbele) ya kushoto ikiwa tofauti sana na ya kulia, hiyo haisababishwi na tairodi, angalia wishboni au nako iliyopinda kwenye shimo.

Ile tairi iliyolika ndani usiirudishe mbele. Meno yakishaota hayaondoki, itaendelea kunguruma na kutikisa usukani hata miguu ikiwa mipya. Iweke nyuma kama bado ina kina, na soma tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi kujua umri: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka.

MkaziWaGoba

Asanteni sana wote, Mungu awabariki. Jumamosi naenda Gerezani na namba ya chesisi na linki ya zamani mkononi. Bolti za wishboni nitasimama pale mpaka gari ishuke chini.

FundiMiguu_Ilala

Vizuri. Ukishatembea kilomita 100 hivi pitisha tena toki renchi kwenye nati za tairi, na chungulia mpira wa reki kama klipu imekaa.